Simu Kutoka Mai Mahiu

Nakuru, Jumapili, saa tisa na nusu alasiri

Nekesa mwanangu,

Barua huanza kwa kuuliza hali, lakini hali yako naijua, maana nakusikia. Uko kwa Mama Njoki ng'ambo ya ua, unaaga, na kila unapofika langoni anakuita urudi na mnaanza kucheka upya. Mama yako na Nafula wameenda kutafuta kuku wa leo jioni. Nimeachiwa nyumba. Begi lako liko hapa mlangoni, limejaa mpaka zipu imeinama. Sijalifungua. Nalitaja hilo mapema ili ulijue: nimekaa kando ya begi hili tangu saa nane, mikono yangu inajua kabisa jinsi lingepangwa vizuri zaidi, na sijalifungua.

Mambo ya chakula, baridi ya kule asubuhi, na watu wa kukaa nao na wa kukaa nao mbali, mama yako ameshakuambia, na aliyosahau Mama Njoki anakuambia sasa hivi. Mimi nina jambo moja tu. Ni la miaka kumi na miwili. Nilidhani ningelisema siku ile tulipoenda Olkaria kupeleka karatasi zako za kazi, nikashindwa. Jana nilikuita uani niliseme, nikaishia kukuuliza kama buti zako mpya zinakubana. Basi naliandika, kwa sababu kuandika ndiko nilikozoea.

Unayajua madaftari yangu. Tangu niwe kurutu sijalala bila kuandika siku imekwendaje, mistari miwili au mitatu, na tarehe yake juu. Alhamisi nilipoleta sanduku langu la bati kutoka kambini niliyatoa yote, nikayapanga kitandani kwa mfuatano, nikaanza kukutafuta humo. Nilitaka kuona siku uliyoota jino la kwanza, siku uliyoanza shule. Nekesa, neno "watoto" limo, lakini wewe humo. Likizo baada ya likizo nimeandika maneno yale yale: "Nimefika. Nyumba safi. Watoto wazima." Kisha siku ya mwisho: "Nimerudi kambini." Ningeweza kuandika hivyo kuhusu bweni lolote la jeshi.

Unajua pia kwamba mwezi ujao natoka jeshini. Nimekuwa mtu wa stoo karibu utumishi wangu wote, na stoo haiachwi hivi hivi. Inakabidhiwa. Kila asubuhi naingia na Koplo Ekiru, kijana aliyeletwa kuchukua nafasi yangu. Yeye anahesabu, mimi naweka alama. Mahema, vigingi, taa, sufuria za mesi, magodoro. Juma lililopita aliinua sufuria moja akaielekeza dirishani.

"Afande, hii imetoboka."

"Imeandikwa hapo kwamba imetoboka."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla hujazaliwa."

"Na hakuna mtu ameitupa?"

"Haijaandikwa itupwe."

Alicheka akaketi sakafuni. Mimi sikucheka wakati ule, lakini nimecheka baadaye peke yangu.

Siku ya Alhamisi nilirudisha vitu vyangu mwenyewe: kombati, helmeti, mkebe wa chakula, lile blanketi la kijivu nililolala nalo Isiolo na Garissa, na ng'ambo ya mpaka pia. Utaratibu unataka anayerudisha atie sahihi upande wa kushoto, na mwenye stoo atie upande wa kulia. Mwenye stoo bado ni mimi. Nikatia sahihi kushoto, nikazunguka meza, nikatia sahihi kulia. Ekiru alinitazama akauliza, "Sasa Afande, umebaki na nini?" Nikamwambia, "Soksi." Kisha nikasimama pale kati ya rafu. Sikuwa na huzuni. Nilishangaa tu kwamba maisha yote yale yalitosha kwenye meza moja, na kwamba nilikuwa mwepesi hivyo.

Kwa hiyo imebaki kurudi nyumbani. Walitupeleka kwenye mafunzo ya wanaostaafu, juma zima, na kila aliyesimama mbele alizungumzia kufuga kuku. Sajini mmoja nyuma yangu akasema, "Hawa kuku wakisikia afande anastaafu wanaanza kuandika wosia." Mimi sikuandika kuku. Niliandika ratiba. Uliiona, kwa sababu mama yako aliisoma kwa sauti mezani: kuamka saa kumi na moja, mazoezi, chai, kukagua ua, bustani ya sukuma, chakula, kupumzika, saa kumi na nusu hadi saa kumi na moja mazungumzo na mke. Mama yako alirudia hilo la mwisho mara mbili. "Dakika thelathini! Na nikiwa na jambo la kusema saa tano asubuhi, niandike barua ya maombi?" Nafula alianguka kutoka kwenye kiti. Wewe ulicheka kidogo, ukanitazama kuona kama nimekasirika, ukaacha kucheka.

Ni hapo hasa ninapotaka kufika, mwanangu. Hapo ulipoacha kucheka.

Nilipokuwa nikija likizo mlipokuwa wadogo, jambo la kwanza baada ya chai lilikuwa ukaguzi. Sikuona ubaya wake. Mimi nililelewa na mjomba aliyekunywa shamba lote, katika nyumba ambayo hukujua kikombe kiko wapi wala mtu atarudi saa ngapi, na jeshi lilikuwa mahali pa kwanza nilipolala nikijua kesho buti zangu zitakuwa palepale nilipoziweka. Nilidhani nawaletea hicho. Nilipitisha kidole juu ya dirisha. Nilitazama pembe za blanketi. Ulikuwa na miaka minane nilipovuta katoni chini ya kitanda chako. Ndani mlikuwa na nyaya, redio iliyopasuka, vifuniko vya soda, spoki za baiskeli na mikebe.

"Hii takataka ni ya nani?"

Ulisimama wima, mikono imenyooka kando.

"Ni yangu, Afande."

Uliniita Afande. Nami nilifurahi, Nekesa. Nilifurahi mpaka nikamwita mama yako aje asikie ulivyojibu vizuri. Kisha nikakuambia katoni itoke, ikatoka.

Hiyo ndiyo iliyotangulia. Sasa sikiliza ile ya pili.

Unakumbuka desturi ya simu. Nilipokuja likizo nilipitia Nairobi, gari likashuka mteremko, na pale Mai Mahiu penye malori nilikula mahindi ya kuchoma, nikapiga simu nyumbani: "Niko Mai Mahiu." Mama yako alijibu, "Sawa, Baba Nekesa, Mungu akulete salama." Kutoka pale mpaka kwetu ni kama masaa mawili. Niliona kupiga simu hiyo ni adabu. Hata kurutu huambiwa mapema kwamba kuna ukaguzi.

Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, Nafula ana mitatu hivi. Nilipata lifti katika lori letu lililokuwa likileta vifaa huku, lori halikusimama Mai Mahiu, na dereva akanishusha barabara ya juu, Jumamosi saa tisa mchana. Kwa hiyo nilikuja na njia ya nyuma, ile inayopita kwenye ua wa michongoma, upande wa jikoni. Sikuwa nimepiga simu. Ndiyo mara ya kwanza na ya pekee.

Nilisikia kelele kabla sijafika. Nilidhani mna wageni. Nikachungulia penye uwazi kwenye ua.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi. Mama yako ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha mbele, leso imefunguka kichwani. Nafula amesimama juu ya karai lililopinduliwa, amevaa fulana tu na hana kingine. Maharagwe yanaungua, niliyanusa mpaka nje, na hakuna aliyejali. Na wewe umepiga magoti mbele ya jiko. Juu ya jiko pana mkebe wa maziwa ya unga umefungwa kwa waya, una tundu dogo la msumari, na mbele ya tundu umeweka gurudumu la bati lililokatwa kama maua, limepitishwa spoki ya baiskeli.

"Bado, bado," ukasema. "Mama, usipumue."

"Nisipumue nife?"

"Pumua pole pole basi. Unalisukuma."

"Hata hiyo kitu haitaenda. Nirudishie mkebe wangu."

"Ngoja."

Mvuke ukatoka tunduni kama uzi mweupe. Gurudumu likatikisika, likasimama, likatikisika tena. Kisha likazunguka. Lilizunguka polepole, halafu haraka, halafu sikuona tena majani yake, niliona tu duara linalong'aa na sauti kama ya nyuki. Nafula alipiga kelele akapiga makofi mpaka karai likapinduka. Mama yako akashika kichwa.

"Woi! Nekesa! Inaenda yenyewe!"

"Si yenyewe. Ni mvuke."

"Mvuke wa nani?"

"Wa maji, Mama. Ni maji tu."

Nilivua kofia. Sijui kwa nini. Hapakuwa na bendera wala wimbo, wala mkubwa wangu hakupita. Nilisimama nyuma ya miiba nimeshika kofia mkononi. Nilikuwa nimeona mizinga, nimeona helikopta zikishuka jangwani na mchanga ukisimama kama ukuta, na hakuna kati ya hivyo kilichonifanya nivue kofia bila amri. Nilitazama lile bati likizunguka katika nyumba yangu mwenyewe. Nilitazama uso wa mama yako. Sikuwa nimewahi kumwona akicheka namna ile, na tulikuwa tumeoana miaka kumi na mitatu.

Mtu mwingine angesukuma lango akasema, "Hodi, na mimi nione." Hatua thelathini tu. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Niliwaza hivi: wakiniona sasa wataaibika. Nafula hajavaa, maharagwe yameungua, mama yao yuko sakafuni. Nimewashika bila taarifa. Haikuwa haki kwenu. Basi nilifanya lile ambalo mtu wa jeshi peke yake anaweza kulifanya akadhani ni huruma. Nilirudi nyuma mpaka mwisho wa ua, nikatoa simu.

Niliisikia ikilia ndani. Nikamsikia mama yako akisema, "Shh! Nyamazeni. Ni baba yenu."

"Niko Mai Mahiu," nikasema.

"Mbona unaongea chini chini?"

"Kuna watu hapa."

"Sawa, Baba Nekesa. Mungu akulete salama."

Akakata. Kisha nikamsikia, kwa sauti nyingine kabisa: "Haya! Ako Mai Mahiu! Haraka, haraka!"

Nilitazama yote. Kicheko kilikatika kama mtu amefunga mfereji. Mama yako alisimama, akafunga leso, akabeba Nafula kwenda kumvisha. Na wewe ukashika lile gurudumu likiwa bado la moto, ukaungua, ukaweka kidole mdomoni, ukachukua kitambaa, ukalitoa. Ukamwaga maji. Ukatazama mkebe mara moja tu, ukauficha ndani ya sweta, ukaenda nao. Ukarudi na ufagio. Ulifagia kwa mistari iliyonyooka, jinsi nilivyokufundisha.

Hakuna aliyewapa amri ile ila mimi, na niliitoa nikiwa hatua thelathini kutoka mlangoni, nikidanganya kwamba niko mbali.

Baada ya hapo nilikuwa na masaa mawili ya kungoja. Nilienda kibanda cha Mama Njoki.

"Afande! Umekuja kununua ama umekuja kujificha?"

"Nipe chai."

"Chai iko kwako, ya bure."

"Ya hapa ni tamu."

"Eeh, kwa hivyo ni kujificha. Na bibi yako akiniuliza, sidanganyi mtu. Kesho ni kanisa." Akamimina chai. Baada ya kikombe cha pili akaniuliza, "Kwani nyumba imehama?"

"Iko tu. Nimewahi mno."

"Mtu anawahi kwake?"

Nikageuza kikombe. Akapanguza meza upande wangu, ingawa haikuwa chafu. "Hata marehemu mzee wangu alikuwa anakohoa kabla aingie," akasema. "Lakini alikuwa anakohoa mara moja. Haketi nje kama anangoja daktari."

Saa kumi na moja nilibisha lango. Mlikuwa mmejipanga barazani. Nyumba ilikuwa safi. Jiko limeoshwa, limepoa, liko pembeni. Nilikushika mkono nikaona lengelenge kwenye kidole.

"Umeumia wapi?"

"Ni kidogo tu, Baba."

Likizo ile ilikuwa ya siku kumi na nne, na siku zote kumi na nne nilingoja unionyeshe. Nilikaa jikoni bila sababu mpaka mama yako akaniuliza kama naumwa. Siku moja nilikuuliza, "Shuleni mnasoma sayansi?" Ukasema ndiyo. "Ni nzuri?" Ukasema ni nzuri. Hapo ndipo ujasiri wangu ulipoishia. Hukuwa na kosa. Ulikuwa umeshajifunza kwamba vitu kama hivyo, baba akiviona, hutoka nje na katoni. Nami nilikuwa nimejifunza kuingia nyumba iliyo tayari, na sikujua kuingia nyingine yoyote. Nimelitafuta daftari la likizo ile. Limeandikwa: "Nimefika. Nyumba safi. Watoto wazima." Hilo la kofia sikuliandika. Nadhani niliogopa kulipa tarehe.

Kisha ukakua, nami nikawa nakuja na kuondoka, nikipiga simu kutoka Mai Mahiu kila mara, nikijua sasa kinachotokea simu ikikatwa. Kuna mwaka nilikaa pale kwenye malori nusu saa, simu mkononi, nikijiambia leo sipigi. Nilipiga.

Sasa Olkaria. Unakumbuka askari wa langoni alivyoninyooshea mkono? "Mzee, wewe ngoja hapo kwa kivuli. Injinia ndiye anaingia." Ukamwambia wewe si injinia, ni fundi anayeanza mafunzo. Akasema, "Kwangu wote ni injinia, ingia." Nikangoja kwenye kivuli, nimeshika bahasha yako tupu. Nilikuwa na saa nzima ya kutazama. Mvuke ulitoka ardhini kila upande, mweupe, mkubwa kama mawingu yaliyochoka kukaa juu, na ngurumo yake niliisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Tumeishi chini ya mlima Menengai miaka yote hii nikijua kwa maneno tu kwamba chini yetu kuna moto. Pale nilisimama juu yake na nikausikia.

Ulipotoka nilikuuliza kuhusu mabomba, yale yanayopanda na kushuka vilima. Nilikuwa nimeona kwamba kila baada ya kipande yamekunjwa, yanatoka kando, yanapanda, yanarudi, bila sababu ninayoiona. Nilisema ni kazi mbaya, mtu angeyanyoosha angeokoa chuma kingi. Ulicheka.

"Yamekunjwa makusudi, Baba. Bomba likipata joto linarefuka. Ukilinyoosha lote halina pa kwenda, linapasuka."

"Kwa hivyo hapo palipopinda..."

"Hapo ndipo linapumulia."

Mimi, niliyenyoosha kila pembe ya blanketi katika nyumba ile, nikayatazama mabomba yale upya. Kisha ukanyoosha kidole kwenye jengo kule chini. "Kule ndiko mvuke unazungusha magurudumu ya umeme. Watu wanadhani ni kitu kikubwa sana. Ni maji tu."

Maneno yale yale, Nekesa.  Nilitaka kukuambia pale pale: nililiona la kwanza. Nilikuwepo. Nikakuuliza kama watakupa buti au utanunua.

Siku ile ile niliyorudisha blanketi, nilipewa ruhusa ya kuja kukuaga. Jioni nilimkuta mama yako anachambua mchele. Nikamuuliza, "Kile kitu cha Nekesa cha kuzunguka kiko wapi?"

Mkono wake ulisimama kwenye ungo.

"Kitu gani?"

"Cha bati. Cha kwenye jiko."

"Nani alikuambia?"

"Niliona."

"Uliona lini?"

"Siku ile. Nilikuwa hapo nje ya ua."

Aliweka ungo chini. "Na ukatupigia simu?"

"Nikawapigia."

Alianza kucheka, kisha akajipanguza macho kwa ncha ya leso, sijui ni kwa kicheko au kwa lile lingine. "Baba Nekesa," akasema, "sisi tulikuwa tunapanga nyumba ndio wewe ufurahi."

"Najua."

"Na wewe ulikuwa unapiga simu ndio sisi tusiaibike."

"Ndiyo."

"Miaka yote hiyo." Akarudi kwenye mchele. Baadaye sana, nilipodhani yameisha, akasema, "Kipo. Lakini si changu nikuonyeshe. Muombe mwenyewe."

Aliponiambia hivyo nilitazama juu kwenye dari, pale juu ya chumba chenu, na mama yako akasema, "Na usipande huko." Sijapanda. Sanduku langu la bati limekosa nafasi, limekaa kwenye baraza, na sijapanda.

Sina mawaidha mengi ya kazi. Ninalo hili tu nililolipata kwa kuumia. Siku moja watakupa watu wa kusimamia, kwa sababu wewe ni mtu wa kupewa. Watakuonyesha kile unachopenda kuona. Watakisafisha, watakipanga, na watakificha kile kinachozunguka. Mimi nilikagua miaka yote, na kitu cha maana zaidi katika nyumba yangu nilikiona kwa kuchungulia kwenye miiba.

Mwezi ujao nitakuja bila kupiga simu. Nimeshamwambia mama yako. Alisema, "Tutaona." Nafula alisema, "Dad, bas usilete ile kidole ya dirisha." Nimekubali. Ratiba nimeichana, ingawa nakiri kwamba nimeinakili kwanza kwenye daftari. Sijui nitakuwa mtu wa namna gani katika nyumba ambayo haijajiandaa. Naogopa kidogo, kama kurutu siku ya kwanza, na nafurahi kwamba bado kuna kitu cha kuniogopesha. Nawe ukija kutoka kule, hata ukija na matope na wenzako wanne na nguo chafu za juma zima, usipige simu. Sukuma lango tu.

Nasikia Mama Njoki anakuambia uchukue na ndizi. Sasa hivi utaingia. Barua hii naiweka juu ya begi, si ndani.

Gari lako la kesho ni saa mbili. Mimi nitaamka saa kumi na moja, hilo haliwezi kubadilika. Nitawasha jiko hapo nje ya jikoni, kukipambazuka. Usifagie. Usitandike. Kama unaona jambo hili limechelewa mno, au ni lako na mama yako na Nafula peke yenu, tutapika chai kwa maji hayo, tutakunywa, nitakusindikiza mpaka stendi, na sitakuuliza tena. Nitaelewa. Lakini kama uko tayari, panda darini ukilete. Nitakaa sakafuni, nitapumua pole pole.

Maji nitachemsha mimi.

Baba yako